Kijiwe cha kahawa Ujiji, nyota nne

Kiko njia ya kwenda pale Stanley alipomkuta Livingstone 1871. Kahawa niseme ukweli ya kawaida tu, kashata ngumu hatari, jino langu la nyuma halijanisamehe. Ila watu sasa! Ukifika hata hawakujui wanakusogezea benchi, "kaa hapa mwanangu", na kabla hujapuliza kikombe ushaulizwa kwenu wapi na kama we Simba au Yanga. Kuna mzee hanywi kabisa, presha, anakuja kila jioni anashika kikombe kitupu anakizungusha tu, nyumbani anasema kabaki na redio. Mi juzi niliondoka bila kuaga, kesho yake wananiuliza kama naumwa. Nyota moja nimekata sababu ya kashata.