Hozi za wavu, pedi na bushi za poliuretani kwa gari la zamani: chukua hozi, bushi chagua

Kwa wenye magari ya zamani yaliyoshushwa na kuongezewa nguvu, vitu hivi huuzwa kama seti moja: hozi nne za breki zenye wavu wa chuma, pedi za mbele za kuhimili joto, na bushi (vikombe vya kunyumbulika kwenye maungio ya mikono ya gari) za poliuretani, plastiki ngumu inayochukua nafasi ya mpira, za gari zima. Thamani yake hailingani hata kidogo.

Hozi ndizo zinazolipa. Mpira wa miaka 20 huvimba breki ikikanyagwa, na sehemu ya oili ya breki iliyopaswa kusukuma kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) huishia kutanua hozi. Mara nyingine hozi hubomoka kwa ndani huku nje ikionekana nzima, kijipande cha mpira kikaziba njia kama vali: oili inakwenda, hairudi, gurudumu moja linachemka na gari linavuta upande. Fundi hubadilisha kalipa, ugonjwa unabaki palepale. Chagua hozi zenye ganda la plastiki juu ya wavu, maana wavu mtupu hukwangua kama msasa chochote unachokigusa. Wasa za shaba ziwe mpya. Kabla ya kulishusha gari kwenye jeki, zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili magurudumu yakiwa yananing'inia: hozi isivutike, isijikunje, isiguse tairi.

Ukishafungua mfumo, weka oili mpya ya DOT 4 (DOT ni daraja la oili ya breki). Kwa kiwango, ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230 za selsiasi, na ikishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi 155; DOT 3 ni 205 na 140. Ikichemka, mvuke hujaa kwenye mabomba na pedeli inazama. DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye na hizi (DOT 5.1 ni kitu kingine, hiyo inachanganyika). Wakati wa kutoa hewa, weka kipande cha ubao chini ya pedeli. Ndani ya masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedeli) ya zamani kuna sehemu ambayo sili, zile pete za mpira za kuzuia oili isivuje, hazijaifikia kwa miaka, imeota kutu. Ukikanyaga mpaka sakafuni sili zinapita hapo na kuchanika. Ndiyo maana breki nyingi "hufa" siku ya kutengenezwa.

Pedi ni nzuri, kwa masharti. Pima diski kwanza. Unene wa chini kabisa mara nyingi umepigwa chapa kwenye diski yenyewe. Kisha zizoeshe: punguza mwendo kutoka kilomita 80 hadi 20 kwa saa, mara kumi hivi, bila kusimama kabisa, halafu endesha taratibu zipoe. Zile za mashindano hazishiki zikiwa baridi, kwa hiyo hazifai barabarani. Na usifunge pedi kali nyuma peke yake: magurudumu ya nyuma yakijifunga kabla ya mbele, gari linageuka.

Bushi sasa. Kwenye stabilaiza (fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona) na mikono ya chini ya mbele, poliuretani inafanya kazi vizuri, usukani unaitika haraka. Kwenye mikono ya nyuma inayoshika ekseli, acha. Hapo bushi inatakiwa kujipinda pande kadhaa kwa pamoja. Poliuretani inakataa, ekseli inakwama, na tairi huachia ghafla katikati ya kona. Weka mpira mpya, na kaza bolti gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza gari likiwa juu, mpira unabaki umejisokota na kuchanika mapema. Za poliuretani zipake grisi iliyokuja nazo, la sivyo zitalia kama mlango mbovu.

Mwisho peleka gari likapimwe alaimenti, yaani pembe za magurudumu. Bushi mpya huzibadilisha, na kwa gari lililoshushwa tairodi (fimbo zinazogeuza magurudumu ya mbele) tayari zimeinama vibaya. Bila kipimo, matairi ya mbele yatalika upande mmoja na utadhani bushi ndizo mbaya.