Frilansa au msaidizi wa mtandaoni? Nimewatumia wote, haya ndo yaliyonikuta

Mi nina kibiashara changu hapa Moshi cha kupeleka wageni matembezi ya siku moja, Materuni kuona maporomoko na kahawa, Chemka kuogelea, basi. Gari moja, dereva mmoja, ofisi nzima ni mimi. Mwaka jana nikazidiwa, imeli zinalala siku mbili hazijajibiwa na mgeni akikaa siku mbili bila jibu huyo keshaenda kwa jirani. Watu wananiuliza bora frilansa wa kumpa kazi moja moja au msaidizi wa mtandaoni wa kumlipa kwa mwezi, nimepitia wote kwa hela yangu kwa hiyo nasema nilichokiona.

Nilianza na frilansa, kijana wa Arusha, nikampa websaiti kwa laki nane, nusu mwanzo nusu mwisho. Mnyonge mnyongeni haki yake mpeni, kazi ilitoka safi, wiki tatu tu, inafunguka fasta hata kwenye simu. Shida ikaja mwezi wa saba, msimu umechanganya, nimebadili namba ya simu na nataka tu ile namba ya kwenye websaiti ibadilishwe, kitu cha dakika mbili, jamaa hapokei, meseji anasoma hajibu. Nikasema ngoja nibadilishe mwenyewe, kumbe paswedi anazo yeye na hata domeini yetu ya .co.tz, yaani anwani ya websaiti, kaisajili kwa jina lake. Hapo anayetambulika kama mwenye domeini ni aliyeandikishwa. Wiki mbili nzima wageni wanapiga namba iliyokufa. Nikitulia naona na mimi nilizembea, yule nilimlipa ajenge, sikumlipa akae mlangoni.

Logo niliichukua Fiverr, lile soko la mtandaoni la mafrilansa, hiyo haikunisumbua. Ila mjue Fiverr wanamkata mfanyakazi asilimia 20, ndo maana wengine watakwambia bosi tumalizane pembeni. Usikubali, hela ikiwa humo ndani una pa kulalamikia, ukishaituma nje imeenda.

Msaidizi sasa. Dada mmoja yuko Dodoma, masaa manne kwa siku, laki mbili na nusu kwa mwezi, bando juu yangu. WhatsApp ya biashara inaruhusu kuunganisha vifaa vingine vinne, kwa hiyo yeye anajibu kwenye laptop yake huko na simu ninayo mimi huku, alinitumia tu msimbo wa kuunganisha nikauingiza kwenye simu. Benki sijampa. Wiki mbili za kwanza nilijuta kwa kweli maana kila kitu anauliza, bei ya mtoto, chakula kipo, viatu gani, nikawa nafanya kazi mara mbili. Nikaandika maswali yote na majibu yake kwenye karatasi moja nikampa, tangu hapo kukatulia.

Halafu siku moja nikamtumia voisi nikiwa njiani, mwambie mgeni tunamchukua saa mbili na nusu asubuhi. Dada wa watu na haraka zake akamwandikia 2:30 am! Na wale wageni wakaamini, si wameshasikia Kilimanjaro watu wanaanza safari ya kileleni usiku wa manane. Saa tisa kasoro usiku napigiwa na mlinzi wa hoteli, "bosi wageni wako wako getini hapa, wamevaa matochi kichwani". Nikaenda mwenyewe kuomba radhi na chai ya tangawizi kwenye chupa. Siku hizi muda anaandika kwa kizungu na nauhakiki mimi kabla haujatoka.

Mbaya yake nyingine ni masika. Aprili na Mei wageni hamna lakini mshahara uko palepale, frilansa ungemwacha tu bila kinyongo. Tulikubaliana masaa mawili kwa siku kwa nusu mshahara, tukavuka.

Kwa hiyo kwangu mimi kazi yenye mwisho, websaiti, logo, vipeperushi, naenda kwa frilansa, nyota 3 kati ya 5. Za kila siku zinazojirudia, msaidizi, nyota 4, ile moja nimeikata kwa sababu ya matochi. Imeli sasa hazipiti masaa matatu.

Websaiti mpya nimempa frilansa mwingine yuko Sakina, Arusha, domeini safari hii kwa jina langu na paswedi nimeziweka mimi. Anasema anamaliza Ijumaa. Ijumaa ya lini hajasema.