LTSP kwenye mashine zisizo na hadidiski, uzoefu wangu hapa Mbeya (soma kabla hujanunua swichi ya netiweki)

Wakuu, nina kituo kidogo cha kufundisha kompyuta Mwanjelwa, mashine 18 za mtumba toka Dar, zote ndani hazina hadidiski. Zinawaka kwa netiweki kutoka seva moja kupitia LTSP (Linux Terminal Server Project, programu ya kuwasha mashine nyingi kutoka seva moja ya Linux), ni ya bure, na ninayotumia ni hii mpya iliyoandikwa upya 2019. Wengi wanaoisifia wanaishia kwenye kuokoa hela, mimi nataka niongelee kebo ikikata inakuwaje.

Yenyewe kama yenyewe sina neno nayo. Unapanga mfumo kwenye seva, unapiga amri ya ltsp image inayotengeneza nakala ya mfumo huo, darasa zima linapata kitu kilekile, mwanafunzi akivuruga unazima unawasha imerudi ilivyokuwa. Zile flashi zao zenye virusi siku hizi hata hazinisumbui.

Sasa ishu ni kwamba mashine isiyo na diski, kebo ndio diski yake. Kompyuta ya kawaida netiweki ikikata unakosa intaneti tu, barua unaendelea kuchapa. Huku unaona vituko, mausi inatembea freshi kabisa, herufi zinaingia, halafu mtu anabonyeza menyu ambayo hajaifungua tangu asubuhi na hapo hapo inaganda, maana vilivyoko kwenye RAM vipo ila vya seva havifikiki. Kizuri ni kuwa LTSP hii inavuta mfumo kwa NFS (njia ya kusoma mafaili ya seva kupitia netiweki) na NFS inasubiri kama abiria wa treni, rudisha kebo na kazi inaendelea palepale. Ndio maana darasani kwangu ni marufuku mtu kubonyeza pawa ikiganda, anayezima ndiye anayepoteza kazi.

Lakini huwezi kuendesha darasa kwa kusubiri, kwa hiyo seva nimeiwekea kadi mbili za netiweki, moja swichi A nyingine swichi B, nikaziunga kwa bonding ya Linux (inafanya kadi kadhaa zionekane kama moja) mode ya active-backup. Yaani kadi moja inafanya kazi, ya pili imekaa tu, ya kwanza ikifa ya pili inashika kwa anwani ileile ya IP. Haihitaji swichi ya gharama, zile ndogo za dukani zinatosha. Ila angalia kitu kinaitwa miimon, bila kukiandika kinaweza kuwa 0, maana yake bond haichunguzi kebo kabisa, kadi ya pili ipo lakini ni pambo. Weka 100, hapo inachungulia kila milisekunde 100. Ukitaka kuona kadi gani iko kazini fungua /proc/net/bonding/bond0 imeandikwa humo.

Nimechomoa kebo makusudi wanafunzi wakiwa wanachapa. Ping (ile amri ya kupima kama seva inajibu) ikaruka kidogo ikaendelea, na darasani hakuna aliyeinua kichwa. Kwa pesa niliyotoa, ambayo ni kadi moja na swichi moja ya ziada, sijui kitu kingine cha netiweki kilichonilipa hivyo.

Kuna fundi aliniambia active-backup ya kizamani niweke LACP kebo zote mbili zifanye kazi pamoja. Kwa seva yenye swichi moja inayoielewa sawa, ila LACP ya kawaida inataka kebo zote ziishie swichi moja, sasa swichi hiyo ikiungua? Na huku kwetu masika radi haziombi ruhusa, jamaa yangu wa Tukuyu anachomoa kila kitu wingu likiwa bado liko mlimani.

Pia msiunganishe swichi A na B kwa kebo mbili eti ndio usalama, iwe moja tu. Hizi za bei rahisi hazina STP (kinga ya swichi inayofunga njia ya mzunguko), pakiti zitazunguka humo mpaka darasa lote lisimame. Na zenye STP ya zamani nazo zina lao, poti ikiwaka inakaa kama sekunde 30 kabla ya kupitisha data, mashine inayobuti inachoka kusubiri inaandika PXE-E51 (kosa la kubuti kwa netiweki, haijapewa IP), unahisi seva imekufa kumbe swichi bado inafikiria. Washa portfast, inayofanya poti ipitishe data mara moja, kwenye poti za wanafunzi. Ukiona PXE-E61 hiyo sasa ni kebo, kachomeke vizuri.

Mapungufu yapo. Mashine za wanafunzi zina tundu moja moja, kwa hiyo nimegawa nusu swichi A nusu B, swichi ikifa nusu ya darasa inaendelea na wengine nahamisha kebo kwa mkono. IP zinatolewa na ruta, LTSP yenyewe kwa kawaida inaongezea tu maelekezo ya kubuti, kwa hiyo ruta ikizima walioko ndani wanaendelea ila aliyezima hawashi tena. Na seva ni moja, ikifa hiyo hata ufunge kebo kumi hakuna kitu. Seva ya pili na keepalived (programu inayohamishia IP kwenye seva iliyobaki hai) zinawezekana, ila mafaili ya wanafunzi lazima yawe yanakopiwa kwenye zote mbili muda wote na hiyo ni kazi nyingine kabisa, kwa ada ninayotoza hapa Mwanjelwa bado. Kwa sasa hela ya kwanza inayopatikana inaenda kwenye UPS ya swichi, maana seva ninayo yenye UPS lakini umeme ukiyumba swichi zinazima na kuwaka, na seva inabaki hai haina wa kuongea naye.