Tangi la oska: vipimo vipi vinafaa, na nani akae naye

Oska ni samaki wa mapambo anayefugwa kwenye tangi la kioo. Yule wa dukani ana urefu wa kidole. Akilishwa vizuri, ndani ya mwaka mmoja hukaribia sentimita 25, kisha huendelea hadi 30 na kupita. Kwa hiyo pimia samaki mzima, si yule mdogo unayemwona kwenye ndoo ya muuzaji. Na ukimwendea fundi wa vioo Kondele au Kibuye, mjini Kisumu, usianze na lita. Anza na upana. Tangi jembamba lililoinuka juu hupendeza sebuleni, lakini samaki mnene haogelei kwenda juu kama lifti. Anahitaji nafasi ya kugeuka. Lita utazipata kwa kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawanya kwa 1,000.

Chaguo langu la kwanza ni sentimita 150 kwa 60 kwa 60, yaani lita 540. Humo oska wawili wanaoelewana wanaishi vizuri, au mmoja pamoja na wenzake. Mwambie fundi atumie kioo cha milimita 12 na aweke mikanda ya kioo juu, kwa sababu maji husukuma kuta kwa nguvu nyingi. Likijaa, tangi hilo lina zaidi ya kilo 600 bila stendi. Kama unapanga ghorofani, liweke karibu na ukuta unaobeba jengo, na umuulize mwenye nyumba kabla ya kulipa.

La pili ni bwawa dogo la saruji uani, ikiwa kiwanja ni chako. Joto la Kisumu linaruhusu; Nakuru usijaribu, usiku huko ni baridi mno kwa samaki hawa, na hata tangi la ndani linahitaji hita. Bwawa ndilo ningemshauri anayetaka arowana, samaki mwingine wa mapambo, maana hufikia sentimita 90. Lifunike kwa wavu: arowana huruka, na mdiria, ndege mla samaki, hakosi kupita.

La tatu ni 120 kwa 60 kwa 60, lita 432, zinazomtosha oska mmoja na wenzake wachache. La 120 kwa 45 kwa 50 lina lita 270 tu. Ningelinunua kwa oska mmoja wa peke yake, na kwa shingo upande. Yale matangi ya sentimita 60 yanayouzwa pamoja na taa na pampu ni ya samaki wadogo kama gapi. Kama mfuko unaishia hapo, badilisha samaki.

Sasa wenzake. Chochote kinachoingia mdomoni ni chakula, kwa hiyo samaki wadogo kama gapi, neoni na hata fulu wetu wa ziwani hawafai. Samaki ninaowapenda zaidi ni silvadola: bapa, wepesi, hufika sentimita 15, na hutulia wakiwa watano au zaidi. Watakula mimea yote, basi usinunue mimea. Severamu huja wa pili. Pleko wa kawaida, kambare anayenyonya kioo, hufaa pia, ila naye hupita sentimita 30 na huchafua maji kuliko anavyoyasafisha, hata muuzaji akisema vingine. Bichiri, samaki mrefu mwembamba, aingie akiwa mkubwa tayari.

Kataa yule anayeuzwa kwa jina la papa. Ni jamii ya kambare na hupita mita moja, sawa na kambare mkia mwekundu. Mbuta (sangara) na kamongo (samaki mwenye mapafu) waache ziwani, hao hufika mita mbili. Na oska akikushinda, mrudishe dukani. Usimwachie Victoria: mbuta aliyeletwa miaka ya 1950 alichangia kumaliza aina nyingi za fulu.

Kinachosahaulika wakati wa kununua ni maji. Samaki hawa hula sana na kuchafua sana. Theluthi ya lita 540 kila wiki ni madumu tisa ya lita 20, na ya bomba yakae kwenye pipa wazi kwa siku nzima ili klorini itoke. Mtaa wenu ukikaukiwa mara kwa mara, chukua tangi dogo zaidi na samaki mdogo zaidi. Chujio liwe la lita 3,000 kwa saa au zaidi, na uongeze pampu ya hewa ya betri kwa ajili ya stima kupotea. Acha chujio lifanye kazi wiki nne hadi sita likijenga bakteria wanaovunja amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki, ndipo ulete samaki wakubwa.

Tangi la mtumba si baya. Lijaze nje, mahali palipo sawa, liache usiku kucha, kisha pitisha karatasi kavu kwenye viungo vyote vya silikoni. Ikilowa, punguza bei kwa kiasi cha kuunga upya au uondoke.