Unga wa tumbo la mbuzi: nimeutumia wiki sita hapa Pongwe

Jamani wafugaji wa mbuzi wa maziwa, ule unga wa bakteria na hamira unaopigiwa debe siku hizi nimeutumia, nasema nilichokiona. Pakti ya nusu kilo 18,000, duka la pembejeo huko Ngamiani, jina silitaji maana nina ugomvi nao kidogo.

Nina mbuzi jike watatu, machotara wa Toggenburg. Mkubwa wao tunamwita Bi Mkubwa, alizaa mapacha nikaona nimtunze, nikampandishia pumba ghafla karibu mara mbili eti maziwa yaongezeke, tamaa zangu. Siku ya tatu kinyesi badala ya punje kikawa uji, hacheui, maziwa yakashuka toka lita mbili mpaka kikombe. Bwana mifugo alipofika akamkandamiza ngumi ubavu wa kushoto, akatulia kimya, halafu akaniambia mama weka na wewe mkono, tumbo la mzima linakusukuma mara moja au mbili kwa dakika, hili limelala. Kweli, nilishika wee, kimya. Wanga ukizidi asidi inapanda humo tumboni, vile vijidudu vinavyomsagia majani vinakufa. Akamnywesha bikaboneti ya soda kwenye maji, pumba marufuku, majani makavu tu. Unga akasema baadaye, wa kurudishia vijidudu, sio dawa.

Sasa dukani. Pakti imeandikwa kabisa itunzwe pakavu penye ubaridi, wao wameitundika mlangoni jua la mchana linaipiga, na joto la Tanga la Februari mnalijua. Halafu kijana ananiambia mama koroga na maji ya moto uyeyuke vizuri. Maji ya moto! Humo ndani kuna jamaa yake hamira ya mandazi, na hamira ukiitia maji yanayochemka unga hauumuki, mpishi yeyote wa vitumbua anajua. Mimi nami kwa haraka nikafuata, pakti ya kwanza ikaisha sijaona kitu.

Ya pili nikakataa ya mlangoni nikatolewa ya ndani stoo, nikawa nachanganya kijiko kwenye pumba kidogo kila asubuhi, kavu. Siku kama kumi hivi punje zimerudi, anacheua amefumba macho, maziwa lita moja na nusu mpaka leo yamepanda tena mbili kasoro. Ila nisiwadanganye, wakati huo huo nilishaanza kuwapa matete na majani ya lukina (ule mti wa malisho) kwanza ndipo pumba, kidogo kidogo asubuhi na jioni, na wale wawili wasiopewa unga nao wako fresh tu. Kwa hiyo unga nyota 3, nitaununua tena mbuzi akitoka kwenye antibayotiki au akizaa, kila siku hapana, hela hiyo bora mashudu.

Duka nyota 2. Hiyo moja ya ziada kwa sababu walikubali kunibadilishia pakti bila kelele. Ila niliomba jiwe la kulamba, lile la chumvi na madini, wakanipa la kondoo wakasema yote sawa, sio sawa, la kondoo shaba wanapunguza maana inamdhuru, na mbuzi anaihitaji zaidi. Hilo hawakubadilisha, eti limeshafunguliwa. Lipo tu hapa bandani, mwenye kondoo Pongwe aje alichukue bure.