Mkoba wa huduma ya kwanza wa "vipande 100": unamfaa msafiri wa miguu milimani?

Mkoba mwekundu wa huduma ya kwanza, wenye msalaba mweupe na maandishi makubwa yanayotangaza vipande 100, umeenea siku hizi katika maduka ya vifaa vya kambi na katika kurasa za kuuzia bidhaa mtandaoni. Niliununua kwa Sh 45,000 katika duka moja la vifaa vya kupandia milima, nikaubeba katika safari ya miguu kutoka Lushoto hadi Mtae, kupitia msitu wa Magamba na vijiji vya Usambara Magharibi, nikiwa na wenzangu ambao wengi wao walikuwa hawajawahi kutembea kutwa nzima na mzigo mgongoni na kulala njiani. Nimeupima kwa swali moja tu: je, kilichomo ndani kinamsaidia mtu aliye saa kadhaa kwa miguu kutoka mahali gari linapofika? Jibu langu ni kwamba mfuko ni mzuri, lakini karibu nusu ya vilivyomo vinafaa kukaa ndani ya gari au jikoni, na anayeununua kwa ajili ya safari ya milimani anapaswa kuupanga upya kabla hajaondoka nyumbani.

Nianze na uzuri wake. Kitambaa ni kigumu, zipu inazunguka pande tatu na mkoba unafunguka wote kwa mara moja, hivyo kila kitu kinaonekana kupitia mifuko ya plastiki angavu bila kulazimika kumwaga vitu chini. Kwa mtu anayetafuta bandeji huku mwenzake anavuja damu, jambo hilo lina thamani kubwa. Rangi yenyewe inasaidia, kwa kuwa hata mtu asiyejua mpangilio wa begi lako ataupata haraka. Upungufu ni kwamba mshono wa zipu unapitisha maji. Mvua ya mchana mmoja ililowesha pakiti za pamba zilizokuwa upande wa chini, kwa hiyo mkoba unahitaji kuwekwa ndani ya mfuko mwingine usiopitisha maji, na ukae juu kabisa ya begi, si chini ya nguo na sufuria.

Hesabu ya vipande 100 isimvutie mnunuzi. Nilipovipanga mezani niliona kwamba sehemu kubwa ni vitambaa vidogo vyenye spiriti na plasta nyembamba za vidole, ambazo nyingi zilibanduka mara ngozi ilipotoa jasho. Glavu zilikuwa jozi moja tu, na bandeji pana hakukuwa na hata moja.

Safari ya miguu hujeruhi miguu kwanza, na hapo ndipo mkoba huu ulipopungua zaidi. Njia za Usambara hupanda na kushuka bila kupumzika, udongo wake mwekundu huteleza ukilowa, na mtu mwenye viatu vipya huanza kusikia joto kisiginoni kabla ya saa sita mchana. Joto hilo ndilo onyo. Likishughulikiwa papo hapo, yaani mtu akasimama, akavua soksi, akakausha ngozi na kubandika plasta ya roli, ile nyeupe ya kitambaa inayouzwa katika kila duka la dawa, lengelenge mara nyingi halitokei kabisa. Ndani ya mkoba mlikuwa na roli moja nyembamba ya karatasi ambayo haikushika hata kwa umbali wa kilima kimoja. Mwenzetu mmoja alifika Rangwi akiwa na lengelenge pana kama sarafu ya shilingi mia mbili, na tulilokuwa nalo la kumsaidia lilitoka katika begi la mwongozaji wetu: roli ya plasta ya kitambaa, na kipande cha sponji alichokikata katikati kikawa kama pete, akakizungushia kidonda ili kiatu kisikiguse. Mzee yule alimwambia, "Mwanangu, ukisikia moto kwenye kisigino, usione haya kutusimamisha." Ningependa kila kiongozi wa safari aseme neno hilo asubuhi, kabla ya hatua ya kwanza. Lengelenge dogo ambalo halijapasuka liachwe lilivyo, kwa sababu ngozi iliyo juu yake ndiyo kinga bora ya kidonda kilicho chini.

Kifundo cha mguu kilichoteguka kinahitaji bandeji ya kunyumbulika yenye upana wa sentimita 7.5 au 10. Mkoba ulikuwa na ya sentimita 5, ambayo kwa mtu mzima aliyevaa buti haizunguki vya kutosha wala haibani sawasawa.

Mkasi na kibano vinastahili kuonyeshwa kwa karibu. Mmoja wetu alishika kichaka ili asianguke, mwiba ukavunjikia kwenye kiganja, kichwa chake kikibaki kama nukta nyeusi juu ya ngozi. Kibano cha plastiki kilichomo mkobani kilikuwa na ncha nene zilizopishana kila kilipobanwa. Kiliteleza juu ya mwiba, kikausukuma ndani, na mwishowe kilipinda. Tuliutoa kwa pini tuliyoipitisha kwenye moto. Mkasi nao ulikata plasta kwa kuitafuna, na haukuweza kabisa kukata kitambaa cha suruali. Kibano cha chuma chenye ncha zinazokutana, pamoja na mkasi mmoja wa maana, ni vitu vya kununua peke yake bila kuhurumia fedha.

Kuhusu vidonda, vitambaa vya spiriti ni vya kusafishia mikono, kibano na ngozi isiyo na jeraha. Spiriti ikiingia katika kidonda kilicho wazi huumiza na huharibu ngozi hai inayotakiwa kupona. Kinachosafisha kidonda chenye udongo ni maji mengi yaliyo safi kiasi cha kunyweka, yakisukumwa kwa nguvu kidogo kwa bomba la sindano la mililita 20 lisilo na sindano, hadi mchanga wote utoke. Bomba hilo halikuwemo, ingawa ni rahisi na jepesi. Damu ikitoka kwa wingi, shashi safi ikandamizwe moja kwa moja juu ya jeraha kwa dakika kumi mfululizo, bila kuinua mkono kila mara ili kuchungulia. Kwa kazi hiyo unahitaji shashi kubwa kadhaa, na mkoba huu ulikuwa na mbili ndogo.

Jambo lililonisumbua zaidi ni ukanda mwembamba wa mpira uliowekwa mkobani kama kifaa cha kuzuia damu. Ni mpira uleule ambao wauguzi hufunga mkononi wanapotafuta mshipa wa kutolea damu ya kupima. Hauwezi kuzuia damu ya mshipa mkubwa uliokatika, na hatari yake kubwa ni kwamba utamshawishi mtu aufunge juu ya mahali palipoumwa na nyoka. Kufunga mguu kwa nguvu baada ya kuumwa na nyoka ni desturi iliyoenea, na ni desturi inayodhuru. Sumu ya kifutu huharibu nyama ya mahali ilipoingia, na ukiizuia damu isipite pale, unauongeza uharibifu huo na huenda mtu akapoteza kiungo. Kuchanja kwa wembe na kunyonya sumu ni vivyo hivyo. Linalofaa ni kumtuliza mtu, kumvua pete, viatu na bangili kabla uvimbe haujaanza, kukifunga kiungo kwa banzi ili kisitikisike, na kumbeba hadi hospitali yenye dawa ya kupambana na sumu, kwa machela au kwa bodaboda akiwa amekaa katikati ya dereva na mtu wa kumshikilia. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika, na wanaoishi vijijini ndio wanaojua uzito wa jambo hilo. Mpira ule niliutoa nikaweka mahali pake kanga kuukuu. Ikikunjwa pembetatu inabeba mkono uliovunjika, ikichanwa inafungia banzi, na usiku wa baridi anayeumwa hujifunika nayo.

Tumbo halikukumbukwa hata kidogo. Hakukuwa na pakiti ya ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, ilhali kuharisha ni miongoni mwa mambo yanayoweza kumlaza msafiri kwa haraka zaidi. Pakiti moja ya gramu 20.5 huchanganywa na lita moja kamili ya maji safi, na mchanganyiko utumike ndani ya saa 24. Kwa hiyo beba chupa unayoijua ujazo wake, maana kukisia kwa macho huleta mchanganyiko mkali mno au dhaifu mno. Pakiti zikiisha, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vikiwa vya kusawazishwa, katika lita moja ya maji huziba pengo hilo. Dawa ya kufunga tumbo isitumike pale penye damu kwenye choo au homa.

Vidonge vya maumivu navyo hukutani navyo humo, na hilo silihesabu kuwa kosa, kwa sababu dawa ni vyema zinunuliwe kwa mfamasia anayeweza kukuuliza maswali. Parasetamoli inatosha kwa wengi, mradi mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa saa 24. Ibuprofeni isinywewe na mwenye vidonda vya tumbo, wala na mtu aliyekaukiwa maji, kwa sababu ya figo. Homa nayo isifichwe kwa vidonge halafu safari ikaendelea. Malaria huchukua kwa kawaida wiki moja au zaidi tangu mbu alipouma hadi dalili kuonekana, hivyo anayetoka Tanga au Dar es Salaam na kupata homa siku ya pili milimani huenda amepanda na vimelea kutoka nyumbani. Huyo ashushwe hadi zahanati akapimwe.

Wanaoukusudia Mlima Kilimanjaro, wenye mita 5,895, wajue kwamba hakuna kitu ndani ya mkoba huu kinachohusu ugonjwa wa mwinuko, ambao kwa kawaida huanza kuwashika watu wanapopita mita 2,500 hivi. Asetazolamidi, dawa ya kuzuia ugonjwa huo, ni ya kuzungumza na daktari mapema, hasa kwa wenye mzio wa dawa za salfa. Mtu anayeumwa kichwa, anayetapika na kuyumba anapotembea hana tiba bora kuliko kushuka, hata kama ni usiku.

Kijitabu cha maelezo kimeandikwa kwa Kiingereza na Kichina, kwa herufi ndogo sana. Bidhaa inayouzwa Tanzania, itakayofunguliwa na mtu mwenye hofu, huenda gizani, inapaswa kueleza kwa Kiswahili, na ninawaomba waagizaji walisikie hili. Kwa sasa andika kadi yako mwenyewe: hatua za kufuata kwa ufupi, majina ya wasafiri, mzio wa kila mmoja, dawa anazotumia, simu ya nyumbani, na namba 112 ya dharura, ukikumbuka kwamba katika mabonde mengi mtandao haushiki na itabidi mtu apande kilimani kupiga.

Kwa Sh 45,000 unanunua mfuko mzuri, blanketi la dharura, pini, shashi chache na plasta za watoto, na bado utalazimika kurudi duka la dawa kwa plasta ya roli, bandeji pana, shashi kubwa, glavu, bomba la mililita 20 na ORS. Mwenye kifuko chochote imara nyumbani hana sababu ya kuununua. Asiye nacho, aombe zipu ifunguliwe dukani kabla hajalipa, asome tarehe ya kuisha muda kwenye pakiti moja moja, kwa kuwa katika mkoba wangu baadhi ya vitambaa vya spiriti vilikuwa vimeshakauka, na ajaribu mkasi juu ya kipande cha kitambaa. Muuzaji akikataa kuufungua, vitu vyote nilivyovitaja hapa vinapatikana kimoja kimoja katika maduka ya dawa ya Lushoto mjini, Moshi na Arusha.