Scratch darasani kwangu: tone la maji lilipopewa mdomo

Nafundisha sayansi, na mwanzoni Scratch niliiona ni kazi ya mwalimu wa kompyuta. Ni programu ya bure iliyotoka chuo kikuu cha MIT, Marekani, mwaka 2007. Mtoto haandiki kodi za kompyuta. Anaburuta vipande vya rangi vyenye amri na kuvipachika kimoja chini ya kingine, na kikaragosi kwenye skrini kinazitii. Nimeitumia mihula mitatu, na mzunguko wa maji sitaki tena kuufundisha bila hiyo.

Muhula wa kwanza niliuharibu mwenyewe. Nilionyesha kila hatua kwenye projekta, wakafuata, nikaishia na kazi zinazofanana kama sare. Uliofuata niliwapa swali moja tu: tone la maji likipewa mdomo, litasimulia nini? Wakakaa wawili wawili kwa kompyuta, basi.

Binti mmoja ambaye huwa hanyooshi mkono alijirekodi sauti: "Jua limenigusa, najisikia mwepesi." Tone lake likaanza kuchemka, mapovu tele, ndipo likapaa. Mwenzake akamuuliza, "Kwani bahari huwa inachemka?" Wakabishana mpaka wakaniita. Sikuwajibu, niliwauliza nguo iliyoanikwa hukaukaje. Binti akafuta mapovu, akaweka tone linalopungua taratibu huku likififia. Tofauti ya kuchemka na kuwa mvuke bila kuchemka, ambayo kila mwaka huwatatiza, waliimaliza wenyewe pale pale. Nilisisimka.

Mwenzangu wa hesabu alipoona hayo akaomba kipindi. Scratch ina sehemu ya kalamu: unamwamuru paka, kikaragosi chake, atembee, ageuke, arudie, naye anachora. Pembesita ilitoka kwa kugeuka nyuzi 60. Kwenye pembetano wakaiacha 60 ile ile, mstari haukufunga. Wakabahatisha 70, wakabahatisha 75, hadi mmoja akakumbuka kwamba mzunguko mzima ni 360, akagawanya kwa 5: 72! Kisha, bila kuambiwa na mtu, akairudia pembetano mara 36 akiigeuza nyuzi 10 kila mara. Likachanua ua. Darasa zima likahamia kwenye skrini yake.

Ukitaka kuanza, pakua toleo lisilohitaji intaneti. Kwa karibu kila kitu linatosha. Kile kipengele cha kusoma maandishi kwa sauti ndicho kinahitaji mtandao, kwa hiyo sisi tunajirekodi, na sauti zao hasa ndizo zinazonoga. Lugha unaichagua, Kiswahili kimo. Ila wahimize wahifadhi faili mara kwa mara: siku moja umeme ulikatika, kundi moja likapoteza kazi ya kipindi kizima, na mmoja wao alilia.

Kusahihisha ndiko kunakonila muda, maana hakuna kazi mbili zinazolingana. Siku hizi simpi mtoto alama kabla hajakaa nami dakika tatu akanieleza kwa nini tone lake limeanzia pale lilipoanzia.